Usianze na mwimbaji: namna ya kukusanya historia ya bendi za jazz za mtaani kwako Dar

Kila nikiongelea bendi za zamani lazima atokee mtu aniulize hao wazee unawapataje, unawauliza nini, na hizo picha unazitoa wapi. Leo naandika yote mara moja ili nisirudie tena, na naanza na kosa langu mwenyewe maana ndo lililonifumbua macho.

Mzee wangu wa kwanza alikuwa Magomeni, alipiga tumba kwenye bendi moja ya Kariakoo miaka ya 60. Nikaenda na daftari lina maswali 40, karibu yote yanamhusu mwimbaji, alizaliwa wapi, alitunga vipi, aligombana na nani. Mzee wa watu akanijibu "hilo sijui mwanangu" kama mara sita hivi, alafu akasinzia kwenye kiti. Pale barazani mke wake alikuwa anapeta mchele, kimya muda wote. Nilipoanza kufunga daftari ndo akasema, bila hata kuinua macho kwenye ungo: "Yale mashati yao pale kwenye picha nilishona mimi. Kumi na mawili. Hujaniuliza."

Nikaitazama picha ukutani, nikahesabu watu. Kumi na moja.

Hilo shati la kumi na mbili tutalirudia huko chini. Ila toka siku ile siendi kwa mzee yeyote kabla sijajua nani mwingine anaishi nyumba hiyo.

Kabla hujatoka nyumbani

Jua kwanza jazz ni nini kwa kina yakhe. Ukienda Ilala kichwa kimejaa Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa Marekani, mtapotezana dakika ya kwanza. Huku kwetu jazz ilikuwa bendi, basi. Magita, dramu, tumba, na wapulizaji wa tarumbeta na ile mdomo wa bata, yaani saksafoni. Dar es Salaam Jazz Band inatajwa kuanza 1932, halafu zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi 1964, Polisi Jazz, Vijana Jazz, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, ukianza kutaja unaweza kukesha. Walichopiga ni rumba na chacha na baadaye mitindo yao wenyewe. Sababu mojawapo kubwa ni santuri. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilikuwa inatoa sahani zenye alama ya GV, humo ndani muziki wa Cuba kwa wingi, zikasambaa Afrika nzima, watu wakazisikiliza kwenye gramafoni mpaka zikakwaruzika na wakaimba Kihispania ambacho hawajui kinasema nini. Ndo ukapata bendi pale Morogoro inaitwa Cuban Marimba, ya Salum Abdallah, na hakuna Mcuba hata wa dawa.

Na akitokea mjuaji wa kukwambia hiyo siyo jazz halisi, mwambie neno lenyewe lilionekana kwenye magazeti ya California mwaka 1912 na 1913 kwenye habari za besiboli kabla halijang'ang'aniwa na wanamuziki, kwahiyo hata Wamarekani wenyewe walilidokoa kwenye michezo.

Jambo la pili la kujua, na hili watu wengi hawalijui kabisa: bendi nyingi za zile enzi zilikuwa klabu. Yaani kama ilivyo timu ya mpira, kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wanachama wanaolipa ada, na vyombo ni mali ya klabu, siyo ya mpigaji. Mara nyingi ni watu waliotoka upande mmoja wa nchi wakakutana mjini, Western Jazz 1959 ilikuwa ya watu wa magharibi huko, Kilwa Jazz jina linajieleza. Baadaye mashirika ya umma na majeshi nayo yakawa na bendi zao na mwanamuziki akawa mwajiriwa, analipwa mshahara na gita anakabidhiwa kama dereva anavyokabidhiwa gari. Sasa fikiria mwenyewe hiyo ina maana gani kwako wewe unayetafuta: penye katibu pana daftari la mahudhurio, penye mweka hazina pana stakabadhi, penye shirika pana faili la utumishi. Mwimbaji atakupa hadithi nzuri sana, lakini katibu atakupa tarehe. Mi nikisikia tu mzee fulani alikuwa katibu wa klabu ya jazz nachukua daladala siku hiyohiyo.

Watu wa kuwatafuta

Hapa ndo penyewe, tulia usome.

Chukua mfano wa huko New Orleans ilikozaliwa jazz ya Marekani. Kuna mtu anaitwa Buddy Bolden, mpiga koneti, ile ndugu yake tarumbeta, wengi wanamtaja kama mmoja wa wa kwanza kabisa. Hakuna rekodi yake hata moja iliyopatikana mpaka leo. Picha inayojulikana ya bendi yake ni moja tu. 1907 alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili na hakutoka mpaka alipofariki 1931, na rekodi ya kwanza ya jazz ilikuja kutolewa 1917, na wapigaji wenyewe walikuwa wazungu. Sasa Bolden tunamjuaje? Kwa waliosimama nje ya ukumbi wakamsikia, kwa waliopiga naye, kwa majirani. Pembeni kote. Na mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Tulane palepale New Orleans kikaanza kupita kwa wazee mmojammoja na mashine ya tepu, kwa fedha za Ford Foundation, wakawarekodi wanazungumza. Kitu unachotaka kufanya wewe na simu yako ndo hichohicho, tofauti wao walibeba mzigo wa kilo kadhaa.

Au mchukue Lil Hardin. Kila mtu anamjua Louis Armstrong, si ndiyo? Lil ndo alikuwa anapiga piano kwenye bendi ya King Oliver kule Chicago wakati Louis ni koneti ya pili tu, wakaoana 1924, na ni yeye aliyemsukuma atoke akajitegemee. Rekodi za Hot Five, bendi yake Louis, za kuanzia 1925 ambazo zilimfanya Louis awe Louis, piano ya humo ni ya mkewe. Alifariki Agosti 1971 akiwa kwenye piano, jukwaani, kwenye onyesho la kumkumbuka Louis ambaye alitangulia mwezi Julai. Na bado ukimtaja kwa watu kumi, tisa watakwambia nani huyo.

Kwahiyo kwetu hapa, unapoingia mtaani, orodha yako ya kichwani iwe hivi. Mshona sare, kama nilivyosema. Mkata tiketi wa mlangoni, huyu anajua kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, nani aliingia bure na kwa nini, na siku gani ukumbi ulipwaya. Aliyebeba vyombo na kufunga mitambo, huyu anajua gita lipi lilikuwa bovu na spika ilitengenezwa na fundi gani wa mtaani, na kama ujuavyo mafundi mitambo wana kumbukumbu kuliko wanamuziki maana wao hawakuwa wanatuzwa bia jukwaani. Mama wa mishikaki na chapati nje ya ukumbi. Mpiga picha wa studio ya mtaani. Mashabiki kindakindaki, wale waliovaa vizuri kuliko bendi. Na wachezaji, tena hawa usiwadharau hata kidogo, kwa sababu dansi bila watu wanaocheza ni mazoezi tu, kule Harlem, New York, ukumbi wa Savoy uliofunguliwa 1926 wachezaji ndo waliokuwa wanaipeleka bendi mbio, na hapa Anatoglo pale Mnazi Mmoja au DDC Kariakoo muulize mzee yeyote, atakwambia wimbo ukiwa hauchezeki unakufa wiki hiyohiyo hata kama umetungwa na nani.

Kuhusu wanawake, badilisha swali. Ukiuliza "je kulikuwa na wanawake kwenye bendi?" utajibiwa hapana, kwa sababu mzee anafikiria jukwaani, na jukwaani ni kweli walikuwa wachache, Kida Waziri wa Vijana Jazz watu wanamkumbuka kwa sababu hakukuwa na foleni ya wenzake. Uliza hivi: nani alikuwa anakuja na nani, meza ya mbele walikaa akina nani, sare nani alizifua, hela ya klabu nani aliitunza ndani kwake. Hapo majina yataanza kumiminika. Na usisahau vikundi vya ngoma vya akina mama, maana dansi na ngoma waliishi mtaa mmoja. Bibi Titi Mohamed kabla hajawa Bibi Titi wa TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba hapahapa Dar, na 1955 alipoanza kukusanya wanawake kwa ajili ya chama alipitia njia hizohizo za vikundi vya ngoma. Hiyo siyo historia ya muziki? Ni hiyohiyo, imevaa kanga tu.

Herufi ndogo

Kuna tabia moja nakuomba uwe nayo, soma herufi ndogo nyuma ya kava. Mbele wanaandika jina kubwa, nyuma ndo wamejazana wengine.

Mfano unaonikera na kunifurahisha kwa pamoja: Novemba 1960 kule New York mpiga piano Randy Weston alirekodi santuri akaiita Uhuru Afrika, jina la Kiswahili kabisa. Mashairi ni ya Langston Hughes. Aliyepanga ala zote, nani aingie wapi, nani apulize nini, ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni. Na sauti inayosoma kwa Kiswahili mle ndani ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wetu huku wa Makete. Mwaka mzima kabla ya Uhuru wetu Kiswahili kimeshatamkwa studio Marekani na mtu wa kwetu, na santuri yenyewe Afrika Kusini ya makaburu ikaja kuipiga marufuku 1964. Mimi nimekulia Dar, shule nimesoma, sikuwahi kusikia hata siku moja. Niliona jina nyuma ya kava nikadhani nimesoma vibaya.

(Na ukitaka kucheka kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 70 bendi ya mpiga piano wa Marekani Herbie Hancock walijipa majina ya Kiswahili wote, yeye Mwandishi, mpiga tromboni Pepo Mtoto, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, na kwa kweli alikuwa daktari mwenye cheti. Haya tuendelee.)

Siku yenyewe

Nenda asubuhi saa nne au alasiri, usiende jioni wazee wanachoka. Shikamoo kwanza, kaa, uulizwe habari za nyumbani ujibu, hata kama dakika 20 zinapita hapo. Mi hubeba sukari na majani ya chai, siyo bahasha, ukianza na bahasha utakuwa umenunua maneno na utauziwa ya kutosha. Jieleze wewe ni nani, mtoto wa nani, umetumwa na nani. Neno "mradi" usilitaje kabisa, wakisikia mradi wanadhani kuna fungu mahali unalila peke yako.

Kabla ya swali la kwanza, piga wimbo. Weka kwenye simu wimbo wa bendi yake, sauti ya wastani, kaa kimya mpaka uishe. Usimuulize "zamani ilikuwaje", hilo swali halina mlango wa kuingilia. Muulize hiyo solo ya pili ni nani? Huyo anayeitikia ni nani? Ataanza kukosoa, atasema hapo gita limepotea, huyo alilewa siku hiyo, na hapo umeshaingia ndani. Kama mzee alikuwa mpigaji na bado mkono una nguvu, tafuta gita uende nalo. Mwaka 1938 mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alimkalisha Jelly Roll Morton, mkongwe wa jazz wa New Orleans, kwenye piano pale Maktaba ya Bunge la Marekani Washington, mzee anapiga huku anasimulia, na ni kwa sababu vidole viko kazini mdomo ukafunguka. Nimefanya hivo Temeke na gita la kuazima lenye nyuzi nne, mzee aliyekuwa ananijibu neno mojamoja akaongea mpaka adhana ya magharibi.

Uliza hela. Watu wanaona aibu kuuliza hela na ndo kitu kinachoeleza mengi. Kiingilio, mshahara, nani alikuwa na gita lake mwenyewe, baada ya dansi mlirudije nyumbani usiku, nani alipanda gari na nani alitembea mpaka Keko. Wimbo ukirekodiwa RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, mlipata nini. Kwa nini alihama bendi. Ukiambiwa alihama kwa sababu ya "maslahi" usiridhike, uliza maslahi gani, wakati mwingine ni kitanda, godoro na chumba Kinondoni.

Tarehe

Ukimuuliza mzee ilikuwa mwaka gani atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Mfunge kwenye tukio. Kabla ya Uhuru au baada? Azimio la Arusha, 1967, lilikuwa limeshatangazwa? Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa? Maana ulifungwa 1977 na santuri nyingi za bendi zetu zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, kwahiyo watu wa muziki hilo wanalikumbuka kwa uchungu. Vita ya Amin, 1978 na 1979? Wakati wa nguvu kazi, 1983, wanakamata wazururaji mjini? Mwanamuziki aliyekuwa anatembea usiku na gita mkononi hawezi kusahau huo mwaka.

Majina nayo ni kalenda. Bendi ileile ilianza NUTA Jazz 1964, mwishoni mwa miaka ya 70 ikawa JUWATA, baadaye OTTU, leo tunaiita Msondo Ngoma. Akikwambia "niliingia ikiwa JUWATA" tayari umeshapata kamwanya. Mlimani Park, ile Sikinde, ilianza 1978, ikaja kuwa ya shirika la DDC miaka ya 80. Mtindo pia: Saboso ni Western Jazz, Segere Matata ni Tabora Jazz, Masika ni ya Mbaraka Mwinshehe alipokuwa Super Volcano baada ya kutoka Morogoro Jazz 1973, na yeye alifariki Januari 1979 kwa ajali Mombasa. Ukisikia "tulimwona Mbaraka mwaka 80" usibishane, andika alichosema, pembeni weka alama yako.

Na shabiki wa Msondo usimuulize kuhusu Sikinde ukaandika kama msahafu. Wala kinyume chake. Hawa ni watani wa jadi, atakwambia wale walikuwa hawajui hata kutyuni magita. Andika zote mbili, tena ukiziweka pembenipembeni ndo utamu wenyewe.

Kuhakiki, pita kwenye magazeti ya zamani. Ngurumo lilitoka 1959 mpaka 1976 na lilikuwa gazeti la watu wa kawaida, kuna Uhuru, kuna Mambo Leo ukitaka kurudi enzi za mkoloni. Maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani ina chumba chake cha vitu vya Afrika Mashariki, na Nyaraka za Taifa wako Upanga. Beba kitambulisho na barua, na uwe na subira, hiyo siyo kazi ya lanchi taimu. Tangazo dogo la dansi la Jumamosi lenye jina la ukumbi na kiingilio lina thamani kuliko makala nzima ya kusifia. Tepu za RTD ziko kwa TBC, barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na mpaka miaka ya 90 mwanzoni huku bara redio ilikuwa hiyohiyo moja, kwahiyo bendi isiyorekodiwa pale ni kama haikuwepo. Ukitaka kusikiliza andika barua rasmi.

Kurekodi

Simu inatosha. Weka fulaiti modi, maana simu ikipigwa katikati ya maneno utalia. Zima feni. Chini ya simu kunja kanga, meza ikigongwa sauti haiingii. Mkao wako uwe karibu naye kama mnateta. Kuku, watoto na honi za mwendokasi huwezi kuzizuia, acha. Sentensi ya kwanza iwe yako: leo tarehe fulani, tuko mtaa fulani, nazungumza na fulani, amekubali nimrekodi. Kukubali kwake kusikike kwa sauti yake.

Na angalia nafasi kwenye memori, nakuomba. Mi nilikaa na mzee mmoja Ilala saa mbili kamili, anataja watu waliopiga naye mmoja baada ya mwingine mpaka majina ya baba zao, kufika nyumbani rekodi ina dakika 11. Simu ilikuwa imejaa video za harusi ya binamu. Nikarudi baada ya wiki tatu, mzee ameshapata kiharusi, haongei. Sasa hivi nafuta kila kitu kabla sijatoka, na nikirudi nahamishia sehemu tatu siku hiyohiyo, kompyuta, flashi ya nje, na moja kwa ndugu yangu wa mkoani, kwa sababu nyumba ikiungua vyote viwili vya mwanzo vinaondoka pamoja.

Picha, santuri, kaseti

Picha usiibebe kutoka nyumba ya watu. Hata wakikusihi. Kuna mtu wa chombo cha habari, jina simtaji, alichukua albamu ya familia moja ninayoifahamu "kwa siku mbili", huu mwaka wa tisa. Peleka picha dirishani, bila flashi, piga kwa juu usitupe kivuli, alafu geuza upige na nyuma. Nyuma ndo kuna muhuri wa studio, tarehe ya kalamu, wakati mwingine "kumbukumbu kwa mpenzi wangu" ambaye siyo huyu aliyekukaribisha chai, hapo unanyamaza.

Santuri zile nzito za 78 zinavunjika kama sahani ya udongo, shika pembeni kwa viganja. Usizisafishe kwa spiriti, zinayeyuka uso, tumia kitambaa laini kikavu. Piga picha lebo pande zote mbili mpaka namba zilizochongwa karibu na lebo. Kaseti ikiwa na ukungu usiicheze, itachafua na redio na kaseti nyingine zote. Ikiwa safi ila imekaa miaka, izungushe kwanza mbele mpaka mwisho na kurudi ndiyo ucheze, maana tepu huwa inagandana.

Hati miliki iko palepale hata kama mtunzi ameshafariki. Kuhifadhi ni jambo moja, kuuza au kurusha hewani ni jambo jingine, hilo ni la familia na COSOTA, wale wa hakimiliki. Nyimbo nyingi pia zilitungwa kwa visa vya kweli vya watu wa mtaa, na huyo "Fulani" aliyeimbwa kwamba kaiba mume bado yupo hai, ana wajukuu. Jina lake halihitajiki.

Mwisho wa kila kazi rudi ukasikilizishe. Ukishaandika, nenda umsomee mwenyewe, na umwachie nakala kwenye memori kadi, au iliyochapwa kwa herufi kubwa. Hapa ndo wanasahihisha. Mi nilirudi Magomeni kwa yule mama mshona mashati, nikamsomea kwamba bendi ilikuwa na watu kumi na moja na yeye alishona mashati kumi na mawili, labda moja la akiba. Akaacha kupeta.

"Akiba? Nani alikuwa na kitambaa cha akiba miaka ile? Hilo la yule aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa vyombo kutoka klabuni mpaka Anatoglo. Alisema na yeye ni bendi, mwenyekiti akakubali. Siku ya picha alikuwa nje analinda mkokoteni."

Jina lake la ukoo amelisahau, analikumbuka la utani tu. Mzee alipoamka akalitaja hilohilo, akaongeza kwamba yule ndo aliyekuwa anatyuni tumba zote. Nimeambiwa anaishi Mbagala kwa mwanae wa pili, nimeshapewa namba ya jirani na Jumamosi naenda.